Vikao vya teknolojia Arua: vianzishwe upya vipi

Swali: "Mwalimu, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Arua, Uganda. Muhula uliopita mimi na wenzangu wanne tulianzisha vikao vya teknolojia. Cha kwanza walikuja watu 60 hivi, cha pili 30, cha tatu 11. Cha nne tulikiahirisha kwa sababu mgeni wa kutoka Kampala hakufika, na mpaka leo hatujarudi. Kwenye kile cha pili intaneti ilizidiwa, saa mbili nzima tukatazama programu ikijipakua. Kwenye cha tatu umeme ulikatika. Mfadhili hatuna. Tunataka kuanza upya muhula ujao, tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, mambo matatu yaliyowaangusha, yaani mgeni, intaneti na umeme, yana sura moja: yote yalikuwa mikononi mwa watu wengine mpaka dakika ya mwisho. Wale 60 walikuja kwa udadisi, wakakaa bila kupata walichofuata, na nauli ya boda ya kurudi ikatoka mfukoni mwao. Nani atarudi? Kwa hiyo jibu langu lote limesimama juu ya kanuni moja. Kila kitu ambacho bila hicho kikao hakiendi, kiwe mkononi mwenu Ijumaa jioni. Kisichokuwa mkononi Ijumaa jioni, ipangeni Jumamosi kana kwamba hakipo duniani.

Nianze na intaneti, maana vikao vingi vya vyuoni hufia hapo. Tupige hesabu. Tuseme somo ni programu za Android na watu 30 wanatakiwa kupakua Android Studio. Faili la kusakinisha pamoja na vifaa vyake, weka GB 1.2 kwa mtu kwa uchache. Jumla GB 36. Intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, tena isiyoguswa na mtu mwingine chuoni, hubeba megabaiti 1.25 kwa sekunde. GB 36 zitachukua sekunde 28,800, yaani saa 8 kamili. Hata kasi ingekuwa mara nne ya hiyo bado ni saa 2, zilezile mlizokaa mkitazama. Hapo fundi wa mtandao hana kosa, hesabu ndiyo iliyokataa.

Dawa yake ni kupakua mara moja tu, mtu mmoja, siku kadhaa kabla, halafu kugawana ndani ya chumba bila kugusa intaneti. Tafuteni ruta ya kawaida ya nyumbani, hata ile iliyoachwa kabatini baada ya huduma kukatwa, kwa sababu haitatumia bando. Tafuteni na laptopu moja itakayokuwa seva. Ipeni anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10 kama ruta yenu hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1, wekeni mafaili yote ya kikao kwenye folda moja, fungueni dirisha la amri ndani ya folda hiyo na mwandike amri hii ya Python (lugha ya programu): python -m http.server 8000. Kuanzia hapo kila aliyeungana na ruta akiandika http://192.168.1.10:8000 kwenye kivinjari ataona orodha ya mafaili na kuchukua analotaka. Angalizo: amri hiyo huanika kila kilichomo kwenye folda ilipoanzishwa. Usiianzishie kwenye folda yenye picha zako na barua zako.

Ukurasa ukifunguka kwako na kwa wengine ukagoma, sababu ya kwanza huwa ukuta wa kinga (firewall) wa Windows. Iruhusu Python kwenye mtandao wa faragha. Sababu ya pili ni ruta yenyewe, kwani nyingi zina mpangilio unaowatenga walioungana wasionane, hasa kwenye mtandao wa wageni, na huo uzimwe. Msikimbilie hotspoti ya simu. Simu nyingi hazipokei zaidi ya vifaa 8 au 10, na yule wa kumi na moja atarudi nyumbani akiamini laptopu yake ndiyo mbovu. Washeni masafa yote mawili ya Wi-Fi, GHz 2.4 na 5, kila moja na jina lake, kwa sababu laptopu za zamani hazilioni la 5. Chumba kizima kikigombea lile la 2.4, kadirieni megabaiti 5 kwa sekunde kwa watu wote pamoja. Kifurushi cha MB 150 kwa watu 30 kitaisha kwa dakika 15, na hilo linavumilika. Lakini zile GB 36 zingekula saa 2 vilevile! Kwa hiyo vidogo vipite kwenye ruta, vikubwa kwenye flashi.

Flashi nazo zina vituko vyake. Iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi, hata ikiwa na nafasi ya GB 32, basi ifomatini exFAT. Halafu flashi zinazozunguka kwenye maduka ya kuprinti mjini hubeba vile virusi vinavyoficha folda na kukuachia njia za mkato. Wekeni flashi tano za kikao peke yake, zisichomekwe dukani kwa yeyote, na kila baada ya kikao zifutwe na kujazwa upya kutoka kwenye seva.

Kama somo ni Python, hapa pana mtego ambao hauonekani mpaka umenasa. Windows 7 bado imo kwenye laptopu za mitumba, na Python ya mwisho inayokubali Windows 7 ni 3.8. Kisakinishi cha mwisho cha toleo hilo ni 3.8.10. Mkiamua kufundisha Django 5, zana ya Python ya kujengea tovuti, inayodai Python 3.10 kwenda juu, watu hao mmewafungia mlango kabla hawajaketi. Django 4.2 inakubali Python 3.8 mpaka 3.12. Ni ya zamani, tovuti ya umma msiijenge juu yake, lakini kwa kujifunzia inatosha kabisa. Vifurushi vyake mtavichukua kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python: pip download -d vifurushi Django==4.2.16, na kwenye mashine za watu mtasakinisha kwa pip install --no-index --find-links vifurushi Django. Upakuaji huo ufanyike kwenye mashine ya Windows, mara mbili, mara moja kwa Python 3.8 na mara moja kwa toleo jipya, kila moja na folda yake. Mkipakulia kwenye Linux, pip huamua mahitaji kwa kuitazama mashine iliyo mbele yake, na kifurushi kidogo kiitwacho tzdata, ambacho Django hukihitaji kwenye Windows, hakitakuwemo. Kosa hilo hujitokeza Jumamosi mbele ya watu 30, na siku hiyo hakuna intaneti ya kulirekebisha.

Ndiyo maana pana jaribio la Ijumaa. Chukueni laptopu ya rafiki ambayo haijawahi kuwekewa Python, zimeni data na Wi-Fi ya chuo, zifuateni karatasi zenu za maelekezo tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huku mtu ameshika saa. Ninyi mkitumia dakika 20, mgeni atatumia 50. Mkikwama mahali, hapo ndipo chumba kizima kitakapokwama kesho. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kutoka kwenye barua hii, ningechagua jaribio hili.

Juu ya seva hiyohiyo mnaweza kuweka Kiwix, programu ya bure inayosoma Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili ni nyepesi, inakaa vizuri hata kwenye flashi.

Mgeni akitoka chuo kingine kilichomo kwenye mtandao wa RENU, ule unaoviunganisha vyuo na taasisi za utafiti Uganda, ataingia eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kwa akaunti ya chuo chake mwenyewe, bila kumsumbua mtu. Fundi wa simu wa mjini hana akaunti hiyo, na nywila ya mwanafunzi msimwazime. Na kama kikao kinahitaji kila mtu awe na akaunti mahali fulani, zifunguliwe nyumbani, kwa data ya simu ya mtu mwenyewe, siku mbili kabla. Wikipedia, kwa mfano, huruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, na chumba kizima chuoni mara nyingi huonekana nje kama anwani moja. Wa saba atakataliwa.

Sasa umeme. Chaja ya laptopu ni wati 45 hadi 65. Watu 30 kwa 65 ni wati 1,950, na kwa volti zetu 240 hiyo ni ampea 8 na kidogo. Soketi ya ukutani ya ampea 13 ingeubeba mzigo huo, lakini ekstensheni ya bei rahisi haiubebi. Waya wa milimita za mraba 0.75 umetengenezwa kwa ampea 6 tu, wa 1 kwa 10, wa 1.25 kwa 13, na namba hizo huchapwa kwenye gamba la waya, someni kabla ya kulipa. Gawanyeni mzigo kwa ekstensheni tatu kwenye soketi tatu za ukutani, laptopu 10 kwa kila moja, hapo kila waya unabeba chini ya ampea 3. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni. Waya uliozungushwa kwenye kibiringo ukunjuliwe wote, kwa sababu ukibaki umejikunja joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka. Kisha bandikeni waya chini kwa utepe mpana pale watu wanapopita. Laptopu ikivutwa na mguu wa mtu na kuanguka, hakuna mfuko wa klabu utakaoilipa.

Umeme ukikatika, jenereta ya kVA 2.5 hutoa takriban wati 2,000, na kwa usalama iendesheni kwa robo tatu, wati 1,500. Hiyo inatosha laptopu 18 na projekta ya wati 300. Vile vijenereta vidogo vya mkononi havitoi hata wati 800 na volti zake hupanda na kushuka, vinafaa taa na redio. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, hatua kumi au zaidi, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila harufu. Iwasheni kwanza, ingurume dakika mbili tatu, mpime volti kwa mita, ikisoma kati ya 220 na 245 ndipo mchomeke mzigo. Petroli isiongezwe ikiwa ya moto. Kwa mzigo huo weka lita moja kwa saa, na lita moja ya akiba.

Jenereta msipoipata, kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi: betri ya volti 12, ampea-saa 100, na inveta ndogo. Betri hiyo ina wati-saa 1,200, ila ya asidi usiishushe chini ya nusu, hivyo mnabaki na 600. Projekta ya LED ya wati 80 na ruta ya wati 12 zitakwenda zaidi ya saa 5, hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Laptopu za watu zije zimejaa chaji, mlitangaze hilo mara tatu. Wenye betri zilizokufa, na watakuwepo, waketi karibu na soketi. Tena kwenye mwanga wa mchana wa Arua projekta hiyo ya wati 80 haitaonekana vizuri bila mapazia. Shuka mbili nzito dirishani hufanya kazi. Bebeni na waya wa HDMI, adapta ya VGA na ya USB-C. Nusu ya dakika zinazopotea mwanzoni mwa vikao hupotea hapo.

Siku na saa. Ijumaa mchana ni swala, Jumapili ni ibada, Jumamosi asubuhi wengi wako sokoni au wanafua. Jumamosi saa 8 mchana hadi saa 10 na nusu ndiyo nafasi, ingawa Wasabato mtawakosa. Mara moja kwa muhula hamishieni kikao kwenye Jumatano jioni kwa ajili yao. Mwezi wa Ramadhani malizeni mapema zaidi. Msivuke saa 11 na nusu kwa hali yoyote, maana giza likishaingia boda hupandisha bei na wasichana wa hosteli watakuwa wameshaondoka katikati ya somo, kisha mtashangaa mbona hawarudi. Na kwenye bango andikeni saa kwa namna mbili, "saa 8 mchana, 14:00". Hapa kwetu anayehesabu saa kwa Kiswahili na anayehesabu kwa Kiingereza wanaishi chumba kimoja, na "saa 2" kwenye bango imeshawafikisha watu asubuhi mlango ukiwa umefungwa.

Kila baada ya wiki mbili, siku ileile, mahali palepale. Muhula wa wiki 17 ukiondoa wiki mbili za mwanzo, majaribio ya katikati na mitihani, unabakiwa na vikao 6 vya kweli. Pangeni 6, msipange 12.

Mahali pana siri yake. Ukumbi wa chuo una meza, soketi na projekta, lakini una geti pia. Fundi wa simu kutoka Oli, kijana wa duka la kuprinti, mkimbizi aliyetoka Rhino Camp na laptopu begani, wote watasimamishwa na mlinzi. Mlinzi hana kosa, hana orodha tu. Barua ya kuomba chumba ipelekwe wiki tatu kabla kwa idara inayohusika, nakala kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na iseme tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, wageni wangapi kutoka nje, na nani atafunga mlango na kurudisha ufunguo. Ijumaa pelekeni majina ya wageni getini kwa mkono wenu. Vikao viwili kati ya sita vifanyieni mjini, kwenye maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari au ukumbi wa parokia, na huko mwambieni mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la mtaa, mapema. Kumpelekea taarifa ni nusu saa. Kumweleza baada ya kusikia kelele za jenereta ni jioni nzima.

Tangazo liwe fupi na liende kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini soko la Arua halikusubiri ruhusa. Mlugbara, Mnubi na Mkongo wakikutana hapo, mara nyingi ndiyo lugha wanayoelewana. Somo lenyewe liende hivyohivyo. Maneno ya programu yabaki kama yalivyo, maelezo yawe kwa lugha ambayo mtu wa mwisho kwenye safu anaielewa. Msitegemee Facebook, imefungwa nchini tangu Januari 2021, na anayeifikia kwa VPN anatumia bando ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. WhatsApp inatosha, makundi mawili: moja la matangazo ambapo waandaaji peke yao huandika, jingine la porojo na maswali. Mkiyachanganya, tangazo la ukumbi kuhamishwa litazama chini ya picha za mpira.

Wanaojiandikisha kikao cha bure, mara nyingi nusu yao ndio hufika. Msiogope kuandikisha 50 kwa viti 30. Wasaidizi ndio msiwakadirie kwa matumaini. Warsha za Django Girls, zilizoanza 2014 na kuenea duniani, huweka msaidizi mmoja kwa wanafunzi watatu, na uwiano huo haukuja kwa bahati: wa nne akikwama, wa kwanza ameshapotea. Watu 30 wakikaa wawili wawili ni mashine 15, na wasaidizi 5 wataziweza. Kukaa wawili wawili kunawasaidia pia wale wenye simu tu, ambao mkiwaacha nje mmeacha nusu ya mji.

Kuhusu mada, nina neno la ukali kidogo. Msianze na akili mnemba wala mnyororo wa bloku (blockchain) kwa kuwa bango litapendeza. Anzeni na kikao cha kuzitibu laptopu: kuondoa virusi, kuweka nakala za kazi za chuo, kusakinisha Linux kwa anayetaka, kuongeza RAM. Kila mtu huondoka na kitu kinachoonekana, nanyi mnajua mashine za watu wenu zina RAM kiasi gani, na hiyo ndiyo takwimu itakayoamua vikao vitano vinavyofuata. Nyingi zikiwa na GB 4, Android Studio isahauni, inataka 8. Cha pili kiwe kurasa za HTML: kivinjari na kihariri cha maandishi, basi, hata simu inaweza. Mpeni kila jozi duka moja halisi la sokoni walitengenezee ukurasa wenye bei na saa za kufungua. Cha tatu tokeni nje na StreetComplete, programu ya Android inayouliza maswali madogo kuhusu barabara na majengo na kupeleka majibu OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Eneo lipakuliwe kabla, mtaani inafanya kazi bila data, majibu hupelekwa mkirudi. Cha nne mwiteni fundi wa simu afungue simu mezani. Cha tano Python. Cha sita kila mtu aonyeshe alichotengeneza, dakika 5 kwa saa ya mezani, bila hotuba.

Mkitaka kikao cha usalama wa mitandao, kifanyieni ndani ya ruta yenu iliyokatwa na dunia, dhidi ya programu iliyotengenezwa ili ivunjwe, kama OWASP Juice Shop, iliyowekwa kwenye laptopu yenu. Kuingia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, na "tulikuwa tunajifunza" haimo kwenye sheria hiyo kama utetezi.

Mgeni wa Kampala yuko karibu kilomita 500. Nauli ya kwenda na kurudi, kitanda na chakula, kwa hotuba ya dakika 40. Akija aje mara moja kwa muhula, afike Ijumaa, na kikao kiwe kimepangwa kiende hata asipofika. Njia ya gharama ndogo: arekodi dakika 15 na awatumie video wiki moja kabla, muionyeshe kutoka kwenye seva, kisha apigiwe simu ya sauti kwa maswali. Sauti haili bando kama video. Lakini kabla hujapiga simu Kampala, mtu anayeshughulikia takwimu hospitalini, fundi wa mitambo wa redio na yule anayepanda minara ya simu wote wako Arua, na sidhani kama kuna mtu amewahi kuwaalika.

Fedha ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Kwa watu 30: rolex (chapati yenye mayai) na maji 2,500 kwa mtu ni 75,000. Petroli lita 4 ukikadiria 5,500 ni 22,000. Bando la kupakulia 20,000, kuprinti 10,000, akiba 20,000. Jumla shilingi 147,000. Mkiondoa chakula mnabaki na 72,000, na watu 30 wakitoa 2,500 kila mmoja mmeshavuka. Zikusanywe taslimu mlangoni, kwani ada za pesa za simu kwa viwango vidogo hivyo zinakula sana, na kutoa kuna ushuru wa asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, mbali na ada. Hesabu iandikwe kwenye kundi usiku uleule, hata kama imebaki shilingi 500. Mkienda kwa mfanyabiashara, ombeni kitu, msiombe pesa: ruta ya zamani, projekta ya Jumamosi moja, kreti mbili za soda. Majina makubwa, kama mpango wa Google wa vikundi vya wasanidi programu, yaombeni mkishakuwa na vikao sita mfululizo vya kuonyesha.

Daftari la mahudhurio lichukue jina na simu tu, na juu yake mstari unaosema namba zitatumika kwa matangazo ya vikao na si vinginevyo. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mtu ajue data yake inachukuliwa kwa kazi gani, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi, kwa hiyo wanafunzi wa sekondari waje na karatasi iliyosainiwa nyumbani. Daftari lisiachwe mezani. Namba ya msichana ikinakiliwa na mtu asiyemjua, hamtamwona tena, wala marafiki zake. Kati ya wasaidizi 5, wawili wawe wanawake, na mmoja wao atajwe mwanzoni kuwa ndiye wa kuambiwa mtu akisumbuliwa.

Mwisho, likizo. Mji wa chuo hupumua kwa muhula, na Juni ikifika wanafunzi wametawanyika na klabu imekwenda nao. Ruta, flashi, ekstensheni na daftari vikae kwenye sanduku moja lenye funguo mbili, moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, si wa tatu, na nyingine kwa mtu wa mjini asiyeondoka likizo. Huyo wa mjini aendeshe kikao kidogo kimoja Juni na kimoja Julai, hata wakiwa watu wanane. Ndani ya kifuniko cha sanduku bandikeni karatasi ya vilivyomo na ya nywila ya ruta, ili Agosti atakayelifungua asianze kwa kuwatafuta ninyi.